Ampea 27 kwenye kisima cha 18: uchambuzi wa kisa cha avioniki za ndege iliyojengwa nyumbani Uganda

Kuhusu kisa hiki

Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya yeyote Afrika Mashariki anayejenga ndege yake mwenyewe na amefika pale ambapo mwili umekamilika, injini imefungwa, na dashibodi bado ni bati tupu lenye matundu, bila avioniki, yaani vifaa vya elektroniki vya ndege. Majina, tarehe, kiwanja na aina kamili ya ndege nimeviondoa kwa makubaliano na wenyewe. Mimi ni fundi wa umeme wa ndege. Nilisomea Soroti, na kwenye mradi huu niliitwa vifaa vingine vikiwa vimeshanunuliwa.

Ndege na wenyewe

Mjenzi ni askari mstaafu, fundi wa injini, umri wake umevuka miaka sitini. Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi na cha moja kwa moja, na kiwanjani sote tulimwita Afande. Mshirika wake ni mpwa wake, kijana aliyesomea elektroniki, naye ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya fedha. Ndege ni ya viti viwili, mabawa juu, bati la aluminiamu lililopigwa ribiti. Injini ni Rotax 912 ULS ya nguvu farasi 100.

Walikuwa wamebishana kwa miezi kabla sijafika. Mpwa alitaka skrini mbili kubwa na rubani wa kujiendesha, yaani kifaa kinachoshika usukani chenyewe. Afande alitaka saa za mshale kama zile alizozoea kuzihudumia ujanani. Siku ya kwanza kila mmoja alinivuta pembeni kwa wakati wake anieleze kwa nini mwenzake amekosea. Niliwauliza swali moja wakiwa pamoja: ndege hii itaruka wapi, saa ngapi, na nani akiwa usukani?

Majibu yao yalifanana kabisa. Mchana tu, kwa kuona ardhi. Jinja, Mbarara, Soroti, na siku moja Kasese, kuitazama Rwenzori kwa karibu. Usiku hapana, ndani ya mawingu hapana. Mtu anayeruka namna hiyo Uganda anahitaji mambo machache yafanye kazi bila kukosa: mwendo hewani, kimo, mwelekeo, redio, transponda (kifaa kinachoijibu rada ili waongozaji waitambue ndege) pale anapokaribia anga la Entebbe, na hali ya injini. Vipokezi vya kutua gizani kwa kufuata mawimbi ya redio viliondoka kwenye orodha siku hiyohiyo, na hakuna aliyevilalamikia.

Orodha iliyokuja kabla yangu

Orodha ya mpwa ilitoka kwenye katalogi ya Marekani. Katalogi ile si mbaya, ila imeandikwa kwa ajili ya anga la kule. Vifaa viwili vilivyokuwa vimeshalipiwa vinastahili kuelezwa, kwa sababu nimeviona tena kwa wajenzi wengine.

Cha kwanza kilikuwa kifaa cha kutangaza mahali ndege ilipo, ADS-B, cha masafa ya megahezi 978. Dunia nzima inatumia megahezi 1090 kwa kazi hiyo. Zile 978 ziliwekwa kwa ajili ya ndege zinazoruka chini ya futi 18,000 ndani ya Marekani. Ramani za mvua na za ndege jirani zinazowavutia watu kwenye video zinarushwa kwa masafa hayo na minara ya ardhini iliyojengwa huko. Juu ya Ziwa Victoria hakuna mnara unaorusha hayo. Kifaa kilikuwa kizima na hakingetufaa kwa lolote. Mpwa aliumia, maana ni fedha zake, na alihitaji siku mbili kabla ya kukubali kukiuza.

Cha pili kilikuwa kitoa ishara cha dharura cha megahezi 406. Hiki kilikuwa sahihi kwa aina: setilaiti ziliacha kusikiliza masafa ya zamani ya 121.5 mwezi Februari 2009, kwa hiyo 406 ndiyo ya kununua. Kosa lilikuwa ndani yake. Kila kifaa cha namna hii hubeba namba ya nchi, na cha kwetu kilikuwa kimewekwa ya Marekani dukani. Ndege ikianguka kwenye msitu wa Mabira, taarifa ya kwanza ingekwenda kwa waokoaji walio ng'ambo ya bahari, nao wangeanza kutafuta mmiliki ambaye hayumo kwenye daftari lao. Namba ya Uganda ni 675. Tulikirudisha kikawekwe namba sahihi kisha kisajiliwe, na hapo ndipo tulipojifunza kuwa betri yake ya lithiamu inafanya usafirishaji kwa ndege uwe na masharti mengi. Wiki zilipita.

Transponda nayo ina anwani yake ya biti 24, inayotolewa na nchi ilikosajiliwa ndege. Hii tuliiombea Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda pamoja na usajili wa 5X, alama ya ndege za Uganda, mapema, kabla kifaa hakijafika. Ni uamuzi mdogo uliotuokolea muda mwingi.

Hesabu ya umeme

Hapa ndipo mabishano ya skrini na mishale yalipoamuliwa, wala si mimi niliyeyaamua.

Jenereta iliyomo ndani ya Rotax 912 hutoa wati 250 injini ikiwa imekaribia mizunguko 5,500 kwa dakika. Kwa volti 13.5 hizo ni kama ampea 18 na nusu. Injini ikiwa inanguruma polepole kwenye maegesho, hupati hata nusu. Nilichukua kipande cha kadibodi, nikamwomba mpwa asome makadirio ya kila kifaa kwenye orodha yake, Afande akaandika. Skrini mbili, ampea 7. Rubani wa kujiendesha, 2. Redio na transponda, 1.5. Kile kifaa cha 978, nusu. Pampu ya umeme ya mafuta, 2. Taa ya kutua ya balbu ya zamani, 8. Taa za mabawa na za kumweka, 4. Soketi za simu na kompyuta kibao, 2.

Jumla: ampea 27.

Afande alipiga mstari chini ya namba ile mara mbili, akaweka kalamu chini. Hakusema kitu. Mpwa ndiye aliyesema, "Mjomba, tumechimba kisima cha ndoo kumi na nane halafu tumealika watu wa ndoo ishirini na saba." Tangu hapo kila kifaa kiliingia kwenye dashibodi kwa kulipia ampea zake.

Tulichochagua, na sababu zake

Skrini kubwa moja, ya inchi 10, yenye betri yake ya akiba. Inaonyesha mwendo, kimo, upeo wa macho, ramani na injini yote: joto la vichwa vya silinda, joto la moshi, shinikizo na joto la oili, mafuta yanayotumika. Kando yake skrini ndogo ya duara yenye vihisi vyake na betri yake, kwa ajili ya siku ile kubwa itakapozimika. Redio moja, transponda moja. Taa zote za LED, ambazo zilishusha ampea 12 za taa hadi 3 na nusu. Rubani wa kujiendesha aliachwa, lakini nyaya za mota zake zilipitishwa ndani ya mabawa kabla hayajafungwa, kwa kuwa kufungua bawa baadaye ni adhabu. Kipasha joto cha bomba la pito, lile linalopokea upepo wa mbele ili mwendo upimwe, hakikununuliwa: ndege hii haiingii mawinguni. Jumla mpya ilikuwa ampea 12, na ziada iliyobaki ni ya kuchaji betri.

Nilisisitiza skrini ionwe kwanza kwa macho, juani, saa sita mchana. Kioo chenye mwanga hafifu unaweza kukivumilia nchi zenye jua la pembeni. Hapa jua linasimama utosini na mabawa ya juu hayakifuniki kioo cha mbele. Modeli moja ya bei nafuu ilikataliwa hapohapo uwanjani baada ya dakika tano.

Afande alidai apewe kipimo cha mwendo cha mshale, altimita (saa ya kimo) ya mshale na dira ya maji. Mpwa aliona ni kupoteza nafasi. Nilisimama na Afande, nikampa sababu ya kiufundi: vitatu hivyo havili umeme hata kidogo. Sababu hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa kamili, kama mtakavyoona kwenye habari ya nyigu.

Waya na kebo

Mpwa alikuwa amenunua waya wa magari mjini Kampala, mzuri kwa kutazama, rangi saba. Ganda lake ni PVC. Likiungua hutoa moshi wenye tindikali unaochoma macho na koo, na katika chumba cha viti viwili hakuna pa kukimbilia. Nilikataa. Tulingojea waya wa ndege wenye ganda la Tefzel, plastiki inayostahimili joto, mweupe mtupu, na kila ncha ikaandikwa jina. Kuhusu kuungojea waya huu nilikuwa mkali kuliko ninavyopenda kuwa, na sijutii.

Kebo ya antena ndiyo iliyotuchelewesha kwa uzembe wetu wote watatu. Fundi aliyetusaidia kuvuta nyaya alipitisha kebo ya televisheni kutoka kwenye redio hadi antena. Kwa macho ni kebo nene, imara, nyeusi. Lakini ya televisheni ni omu 75, na redio ya ndege imetengenezwa kwa omu 50. Tulipopima, sehemu ya nguvu ya redio ilikuwa ikirudi nyuma badala ya kutoka. Unaweza kusikia vizuri ukiwa hivyo, na usisikike vizuri. Tuliing'oa yote tukaweka RG-400, kebo ya omu 50. Transponda iliwekewa kebo fupi iwezekanavyo, maana kwa megahezi 1090 kila mita inakula.

Kisha kulikuwa na mlio. Hewani, kila injini ilipoongezwa kasi, mluzi mwembamba ulipanda ndani ya hedseti. Tundu la hedseti lilikuwa limegusa bati la dashibodi, likapata "udongo" (njia ya umeme kurudi) mahali pawili: kwenye bati na kwenye waya wake. Vishikizo vya plastiki vya bei ya soda, vya kulitenga tundu na bati, vilimaliza kelele iliyotusumbua siku tatu.

Bomba lenye udongo

Asubuhi moja katika majaribio, Afande alianza kukimbiza ndege kwenye njia ya kurukia. Mwendo kwenye skrini kubwa: sifuri. Kwenye skrini ndogo: sifuri. Kwenye saa ya mshale: sifuri. Alikata nguvu, akasimama njia ikiwa bado imebaki nyingi. Alifanya hivyo kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwamba asipouona mwendo "uko hai" mapema, haruki.

Ndani ya bomba la pito kulikuwa na udongo mwekundu umekandwa vizuri. Nyigu alikuwa amejenga usiku mmoja tu, kifuniko kikiwa kimesahaulika mezani.

Vipimo vitatu vilikosea kwa pamoja. Mimi ndiye niliyewaambia kuwa saa ya mshale ni akiba ya skrini, na nilikuwa nimefikiria umeme peke yake. Umeme ukikatika, mshale unabaki. Bomba likiziba, mshale na skrini zote zinakufa pamoja, kwa sababu zinakunywa kisima kimoja. Kilichobaki sahihi asubuhi ile kilikuwa mwendo wa ardhini wa GPS, uliokuwa umefichwa kwenye ukurasa wa tatu wa skrini. Tuliuhamishia ukurasa wa kwanza, chini ya mwendo hewani, kwa herufi kubwa. Kifuniko kipya kina utepe mwekundu wa urefu wa mkono, na kinaning'inizwa mlangoni upande wa rubani kabla ndege haijasukumwa nje.

Juu ya Mabira

Tukio kubwa lilikuja majaribio ya karibu na kiwanja yakiwa yamekwisha. Afande alikuwa peke yake akirudi kutoka upande wa Jinja. Mchana huo alikuwa amewasha injini mara tatu na kungoja ardhini muda mrefu juani. Akiwa juu ya msitu wa Mabira skrini iliwaka onyo jekundu la volti. Alibonyeza redio atoe taarifa. Redio ilizimika alipoanza kusema. Transponda ikafuata. Skrini kubwa ilihamia kwenye betri yake ya akiba, na ile ndogo ikafanya vivyo hivyo.

Injini haikutetereka. 912 ULS ina mfumo wa cheche unaojitengenezea umeme wake, kabureta, na pampu ya mafuta inayozungushwa na injini yenyewe. Ingekuwa 912 iS, yenye sindano za mafuta za kielektroniki, hesabu yetu ya umeme ingepaswa kufanywa upya kabisa, kwa kuwa ile bila umeme husimama.

Alikuwa na redio ya mkononi ndani ya mfuko wa mlango, iliyochajiwa. Adapta ya kuiunganisha na hedseti ilikuwa kwenye hanga. Kwa kelele ya injini hakusikia neno. Upande wa ziwa wingu zito lilikuwa likijijenga, kwa hiyo hakukawia kuamua: alibaki nje ya anga la Entebbe, akazunguka kiwanja chetu juu ya kimo cha mzunguko (kile ambacho ndege huzungukia kiwanja kabla ya kutua) akitazama kama kuna mwenzake, akatua.

Data iliyohifadhiwa kwenye skrini ilitueleza yaliyopita. Regyuleta ya kuchaji, kifaa kinachorekebisha umeme wa jenereta kabla haujafika kwenye betri, ilikuwa imefungwa kwenye ukuta wa injini, mahali pasipo na hewa, na ikakatika kwa joto. Volti zilishuka chini ya 13 dakika 41 kabla ya onyo. Dakika 41 ndege ilikuwa ikila betri ndogo ya ampea-saa 12, iliyochoshwa na kuwasha mara tatu, na hakuna aliyejua. Onyo lilikuwa bado kwenye volti 11.5, kama kifaa kilivyotoka kiwandani. Kwa volti hizo betri imekaribia kuisha.

Matokeo

Onyo sasa ni volti 13.0, kwa hiyo linawaka dakika ileile kuchaji kunapokoma, wakati betri bado imejaa. Regyuleta imehamishiwa penye upepo na ina bomba lake la hewa. Swichi moja inakata kila kitu isipokuwa redio, transponda na skrini kubwa. Adapta imefungwa kwenye redio ya mkononi kwa kamba, haitoki. Ndege inaendelea kuruka, na gharama ya avioniki ilibaki chini ya ile orodha ya kwanza hata baada ya hasara ya kile kifaa cha 978.

Yaliyofaa na yaliyoshindikana

Hesabu ya ampea kabla ya kununua ndiyo iliyofaa kuliko vyote. Ilifaa pia kwa watu: iliondoa ubishi wa rika na ladha, ikaweka namba ambayo mjomba na mpwa wote waliiheshimu. Kuanza na swali la "utaruka wapi" kulipunguza orodha karibu nusu bila mtu kuona amenyang'anywa.

Kilichoshindikana zaidi ni namna nilivyofikiri kuhusu akiba. Nilihesabu vifaa badala ya kuhesabu vyanzo. Tangu kisa hiki, kwa kila kifaa cha akiba ninachora mstari hadi kinapopata umeme, hewa ya pito, hewa tulivu (ile inayopimiwa kimo) na mawimbi ya GPS. Mistari miwili ikikutana mahali, pale pana tatizo moja la kuviangusha vyote viwili. Redio na transponda za Afande zilikutana kwenye betri moja, na redio ya mkononi, ambayo ilikuwa na betri yake kweli, ilikwamishwa na adapta niliyopaswa kuitafuta siku ya ukaguzi.

Kosa la onyo la volti nalichukua kuwa langu. Nilikagua waya mmoja mmoja, sikufungua ukurasa wa mipaka ya maonyo. Skrini za leo zina mipaka mingi ya namna hiyo na kiwanda hakijui una injini gani wala betri gani. Kazi ya kuipanga ni sehemu ya kufunga kifaa, sawa na kukaza skrubu.

Liko jambo moja ambalo bado halijakaa sawa. Altimita ya mshale ilinunuliwa ikiwa imetumika, na dirisha lake linasoma inchi za zebaki peke yake. Waongozaji wetu hutoa QNH, yaani kanieneo ya hewa ya kuwekea altimita, kwa hektopaskali. Afande amebandika kadi ya kugeuzia kando ya saa. Siku moja alipewa 1017, ambayo ni inchi 30.03, lakini saa ilibaki kwenye 29.92 ya jana, na ikasoma kama futi 100 pungufu ya kimo halisi cha kiwanja. Aliligundua kabla ya kuruka kwa sababu hulinganisha saa na kimo cha kiwanja kila mara. Mpwa ameshaagiza nyingine yenye hektopaskali. Afande ameomba ile ya zamani asiitupe, ikae kwenye rafu ya hanga, karibu na kipande cha kadibodi chenye ile jumla ya 27.